Themanini na Saba kwa Hesabu ya Baba

Jumatatu, 4 Machi

Baba amerudi nyumbani leo, siku ya kumi na mbili tangu apigwe na kiharusi. Mvua ilianza wakati tunamshusha garini. Mdogo wangu alishika mabega, mimi nikashika miguu, na mke wake, wifi yangu, akatutangulia na mwavuli uliomkinga yeye peke yake. Mkono na mguu wa kulia wa baba haifanyi kazi. Maneno yote yamekwenda isipokuwa moja: "kesho". Ukimuuliza kama anataka maji, anasema kesho. Ukimuuliza kama anaumwa, kesho. Akikasirika anasema kesho mara tatu.

Huyu ni mtu aliyesoma prufu, kurasa za majaribio zinazosahihishwa kabla ya kuchapwa, katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na minne. Kila barua niliyomwandikia nikiwa shule ya bweni ilirudi ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu, majibu yake yakiwa nyuma.

Nimechukua likizo ya siku arobaini na tano. Nimeandika gazetini habari za watu wengine kwa miaka ishirini na sita. Daftari ninalo, nitaandika ninayoyaona.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Tumetafuta kadi ya kliniki nyumba nzima. Droo ya meza ya baba imevimba kwa unyevu, haifunguki hata kwa bisibisi. Kadi ilikuwa chini ya mto wake.

Ijumaa, 8 Machi

Wifi yangu ndiye aliyeleta wazo. Alikuwa anakunja mashuka.

"Wifi, kazi yako si maneno? Msomee baba Zaburi. Mimi nikimsomea ananitazama kama nimekosea."

"Unakosea. Unaruka mistari."

"Naruka ya kusikitisha tu. Mgonjwa hasomewi msiba."

Nikachukua Biblia yake, ile yenye zipu. Mara ya mwisho kushika Biblia ilikuwa kwenye mazishi ya mama, na siku hiyo niliishika kwa sababu nilipewa niishike. Nimeanza na zaburi ya kwanza, sauti ya kawaida, kama mtu anayesomea chumba cha habari taarifa ya polisi. Baba alifumba macho. Nilipofika ya tatu midomo yake ilikuwa inatembea. Sauti haikutoka.

Jumapili, 10 Machi

Tumefika ya kumi na tano. Nilidhani kitabu hiki ni cha kusifu. Kwa hesabu yangu, tisa kati ya hizo kumi na tano ni malalamiko. Watu hawa wanazungumza na Mungu kama raia aliyesimama dirishani tangu asubuhi na karani hajatokea: unanisikia au hunisikii, na ni mpaka lini. Nilishangaa kuona nimesoma saa nzima bila kuangalia simu.

Jumanne, 12 Machi

Mhariri wangu amepiga simu. Mto umekula daraja, watu saba hawajaonekana. Habari iliyoletwa ni nzuri, kasema, ila haina aya ya matumaini mwishoni, nimsaidie kuitunga. Nimemwambia kama hakuna aliyepatikana, hakuna aya.

"Wasomaji wanahitaji kitu cha kushika."

"Wape idadi iliyo sahihi."

Mabishano haya tumekuwa nayo tangu sote tukiwa na nywele nyeusi.

Alhamisi, 14 Machi

Baba ana kitu kipya. Nikifunga Biblia, anapeleka mkono wa kushoto kwenye paji la uso, anafungua na kufumba vidole, kisha anagusa kidevu, anafungua na kufumba tena. Anarudia hadi anachoka.

"Anajibariki," kasema wifi yangu.

"Anawashwa," kasema mdogo wangu.

Mimi sijui. Nimeandika saa na idadi: mara nne kabla ya chakula cha mchana, mara sita baadaye.

Jumamosi, 16 Machi

Ugeni. Fundi Wino amekuja kwa miguu, suruali imelowa hadi magotini. Alikuwa fundi wa mtambo mkubwa pale kiwandani, na jina hilo alipewa kwa sababu ya kucha zake, ambazo hata leo, miaka kumi na moja baada ya kustaafu, bado nyeusi. Kaketi kando ya kitanda.

"Nyekundu," kamwambia baba, kwa jina la kiwandani. "Umelala saa hizi na sisi tunafanya kazi?"

"Kesho," kasema baba.

"Ndivyo ulivyokuwa unatuambia kila tukidai kurasa. Hujabadilika."

Baba alicheka. Upande mmoja wa uso tu, lakini alicheka. Kisha mkono ukapanda kwenye paji la uso.

Fundi Wino hakushangaa hata kidogo. "Themanini na saba," kasema. "Ya wapi, ndugu yangu?"

Sote watatu tulimgeukia. Akatueleza kama mtu anayeeleza kufunga kamba za viatu. Pale kwenye mitambo huwezi kusikilizana hata ukipiga kelele sikioni, kwa hiyo namba za kurasa zilisemwa kwa mkono. Ukigusa paji la uso, vidole vinavyofuata ni makumi. Ukigusa kidevu, ni moja moja. Tano na tatu, nane. Tano na mbili, saba. Kiganja wima, simamisha mtambo. Kidole kikizunguka hewani, endesha.

"Hamkujua?" katuuliza. "Mmekaa naye miaka yote hii?"

Mdogo wangu akasema, "Nyumbani alikuwa anaongea, mzee."

Jumapili, 17 Machi

Tumejaribu ukurasa wa themanini na saba wa Biblia. Sheria za dhabihu. Baba aliweka kiganja wima. Tumejaribu gazeti, halina kurasa hizo. Ndipo nikaona jambo ambalo ningeliona siku ya kwanza kama lingekuwa la mtu mwingine: ishara huja nikimaliza kusoma Zaburi. Anaomba zaburi ya themanini na saba.

Nikaisoma. Ni fupi. Mji juu ya mlima mtakatifu, malango yake yanapendwa, na Mungu anaandika orodha ya watu, huyu kazaliwa humo, na huyu. Baba alinisikiliza hadi mwisho, kisha akageuza uso ukutani.

Wifi yangu alikuwa analia. "Anatuaga. Mji wa Mungu, wifi. Anasema jina lake limeshaandikwa."

Mdogo wangu akatoka nje kusimama barazani na mvua ikimrushia miguuni.

Mimi nililiandika kama lilivyosemwa: anatuaga.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Themanini na saba asubuhi, themanini na saba mchana. Kila nikimaliza anapiga godoro kwa ngumi. Kesho, kesho, kesho. Wifi yangu anasema hiyo ni hamu ya kwenda. Kwa macho yangu inafanana na hasira, lakini sikusema.

Jumamosi, 23 Machi

Uji umempalia. Alikohoa dakika ishirini. Jioni homa.

Jumatatu, 25 Machi

Kifua kinakoroma. Hafungui mdomo kwa kijiko cha mtu yeyote. Muuguzi wa kliniki kaja kamtundikia dripu kwenye msumari wa kalenda.

Jumanne, 26 Machi

Daktari kaja na viatu vya mpira, kavivua mlangoni. Ni mwanamke wa makamo asiyepoteza neno, nilimpenda mara moja. Chakula kinaingia njia ya hewa, kasema, ndiyo sababu ya homa. Dripu haitoshi kumweka hai. Kuna mpira mwembamba unaopitishwa puani hadi tumboni, analishwa kwa huo wiki kadhaa, huku koo likifundishwa upya kumeza. Wengine hurudi kula. Wengine hawarudi.

Alijaribu kuuweka hapohapo. Baba alimsukuma mkono na kuweka kiganja wima.

"Kakataa," kasema mdogo wangu.

"Kaogopa," kasema daktari, "au kakataa. Sina namna ya kujua. Mnamjua ninyi. Ijumaa asubuhi nitarudi, mnipe jibu. Baada ya Ijumaa sitakuwa na cha kuwauliza."

Jumatano, 27 Machi

Tumekaa watatu jikoni. Mdogo wangu kasema baba amesema wazi, kwa zaburi na kwa mkono, na kumlazimisha ni kumvunjia heshima. Wifi yangu kasema tumwache aende kwenye mji wake kwa amani. Walinisubiri mimi, mkubwa.

"Sawa," nikasema. "Hakuna mpira."

Sikulia. Nimesimama kwenye nyumba nyingi siku kama hii, na kalamu mkononi, na kila mara nilijua la kuuliza. Leo sikuuliza swali hata moja. Baada ya hapo mdogo wangu akapiga simu kuulizia mbao za jeneza.

Niliingia kwa baba, nikamwona anatazama dari. Mkono ukapanda: paji la uso, kidevu. Nikamsomea mji na malango yake. Akaninyang'anya kitabu kwa mkono ule mmoja, akakiangusha chini.

Alhamisi, 28 Machi

Leo nitaandika kwa mapana.

Mvua ya asubuhi ilikuwa nzito kuliko zote, na saa nne paa la chumba cha baba likaanza kuvuja, mara sehemu moja, mara tano. Tulisogeza kitanda. Tulipoinua meza yake, mdogo wangu alishika upande wa droo, uso wa droo ukang'oka, na vilivyokuwamo vikamwagika sakafuni: miwani mitatu, chupa ya wino uliokauka, na bunda la karatasi lililofungwa kwa uzi wa viatu.

Zilikuwa prufu. Wifi yangu alitaka kuzianika kwenye kiti. Nikaona kichwa cha ukurasa wa juu: Zaburi. Kiwanda kiliwahi kuchapa kitabu cha sala cha zamani, kabla sijazaliwa, na baba, kijana wa miaka ishirini na miwili, ndiye aliyekisoma. Wino wake mwekundu umegeuka rangi ya kutu, ila mwandiko ni uleule wa kwenye barua zangu.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye themanini na saba. Haikuwa na mji. Haikuwa na malango.

Nilichukua Biblia ya wifi yangu nikaketi sakafuni kwenye sehemu kavu, nikazilinganisha moja baada ya nyingine, kidole huku, kidole huku, kama baba alivyofanya miaka thelathini na minne. Hadi ya nane ziko sawa. Halafu katika karatasi za baba, ya tisa na ya kumi zimeunganishwa kuwa moja, na kuanzia hapo kila namba imebaki nyuma kwa moja. Hiyo ndiyo hesabu ya zamani ya Kikatoliki, aliyofundishwa na masista waliomfundisha kusoma. Themanini na saba ya baba ni themanini na nane ya wifi yangu. Siku kumi na moja nimemsomea mgonjwa zaburi ya jirani.

Vijana wa chumba cha habari nimewapigia kelele miaka yote: chanzo kimoja si habari. Ningeweza kufungua kitabu cha pili kilichoko hata kwa muuza vitabu vikuukuu. Ningeweza kuuliza kwa nini mtu anayeaga anapiga godoro kwa ngumi. Badala yake niliandika tafsiri ya kwanza niliyopewa, kwa sababu ilikuwa nzuri na ilikuwa na matumaini mwishoni.

Mwisho wa zaburi yenyewe, pembeni, baba alikuwa ameandika swali kwa wino mwekundu: Mstari wa mwisho umerukwa? Inaishia gizani. Chini yake, kwa wino wa buluu na mwandiko wa mtu mwingine: Haujarukwa. Ndivyo ilivyo.

Niliwaita wote wawili chumbani. Beseni zilikuwa zinapokea matone. Nikaketi pale baba anaponiona.

"Baba, nilikosea namba. Hesabu yako na ya kitabu hiki ni mbili. Sasa nasoma yako."

Ni mtu aliyelia mchana na usiku. Amehesabiwa pamoja na wanaoshuka kaburini na bado hajafa. Nilisoma mistari miwili. Kwenye wa tatu nilisikia sauti nyingine juu ya yangu, nzito, yenye kukwaruza. Wifi yangu akashika mlango. Baba alikuwa anaisema. Maneno mazima, kwa mpangilio, hadi alama za mkato, mtu ambaye kwa mwezi mzima amekuwa na neno moja. Nikanyamaza nikamwachia.

Alipofika katikati, pale mtu yule anapomuuliza Mungu maswali, baba alianza kugonga ukingo wa kitanda kwa kidole. Wafu watasimama wakusifu? Kidole. Wema wako utasimuliwa kaburini? Kidole. Hakuwa na sauti ya kuaga. Ilikuwa ileile aliyotumia kwa wapanga herufi waliomletea ukurasa mchafu.

Aliishia gizani, akafunga mdomo. Hakuna aliyeongeza aya.

Mdogo wangu ndiye aliyesema. "Dada, huyu haagi."

"Hapana."

"Huyu anabishana."

"Anabishana," nikasema. "Umwambie mtu wa mbao asubiri."

Wifi yangu alikaa kitandani akashika mguu wa baba usiofanya kazi. "Hii ndiyo niliyokuwa naruka," kasema. "Baba, kila siku nilikuwa nairuka."

"Kesho," kasema baba. Maneno mengine yalikuwa yameshaondoka.

Ndipo nikamuuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza yeye. Siku zote tulizungumza kumhusu kana kwamba hayupo. Nilimweleza mpira ni nini, unapita wapi, unauma kiasi gani, unakaa muda gani. Nikamwambia wengine hurudi kula na wengine hawarudi. Nikamwambia tulishakataa kwa niaba yake, na kwamba tulikosea kwa namna tulivyoamua, hata kama jibu lake litakuwa lilelile.

"Kiganja, simamisha. Kidole, endesha. Uwekwe?"

Akanyanyua kidole cha shahada kutoka kwenye shuka, akakizungusha hewani, polepole, mara moja, na akaongeza ya pili kwa sababu alikuwa mtu wa kuhakikisha.

Ijumaa, 29 Machi

Mpira umeingia saa tatu na robo. Machozi yalimtoka, daktari kasema ni kwa sababu ya mpira kugusa pua. Mkono wa kushoto niliushika mimi. Nilimweleza daktari kuhusu zaburi. Kasema hutokea: yaliyokaririwa utotoni hukaa kichwani mahali pengine, mbali na maneno ya kuombea maji.

Jumanne, 2 Aprili

Homa imeshuka. Mvua.

Ijumaa, 5 Aprili

Mhariri: mmoja kati ya wale saba amepatikana hai, juu ya mti, maili mbili kutoka darajani. Sita hawajaonekana. "Umeona? Aya ya matumaini." Nimemwambia aiandike, na aandike na wale sita.

Jumatatu, 8 Aprili

Sasa naongeza moja kwa kila namba anayonipa. Fundi Wino huja akatuketisha wote kama darasa na kutufundisha ishara zilizobaki. Kuna moja ya "msimamizi anakuja, ficha sigara". Wifi yangu ameijua kuliko wote.

Nikiwa peke yangu jikoni nimeisoma tena ile ya baba. Sijui kama mimi ni mtu wa kusali. Ninachojua ni kwamba mtu fulani, zamani, aliandika hali yake kama ilivyokuwa, asipambe mwisho, na waliokusanya kitabu hawakumwambia arudi na kitu cha kushika. Waliiweka hivyo hivyo, katikati ya nyimbo za sifa, na namba yake. Hilo limenituliza kuliko faraja zote nilizoambiwa kwenye mazishi ya mama.

Alhamisi, 11 Aprili

Kijiko kimoja cha maji yaliyofanywa mazito ili yasimpalie, bila kukohoa.

Jumatatu, 15 Aprili

Vijiko sita. Wifi yangu anasoma sasa, haruki. Baba anamtazama kama kawaida, kama amekosea.

Jumatano, 17 Aprili

Jua. Beseni zimerudi jikoni. Kesho naripoti kazini. Mpira bado uko puani na daktari hajaahidi lolote zaidi ya wiki ijayo.

Nilimuaga baba saa kumi. Nikamwambia naondoka, nitakuja kila jioni baada ya kazi, kuanzia kesho.

"Kesho," akasema.

Nilisubiri kuona kama atarudia mara tatu. Hakurudia. Sijui kama alilichagua neno au ndilo lililobaki. Chanzo ni kimoja na hakina wa kukithibitisha. Nimeandika kama alivyosema.